Daftari la Hesabu

Lililetwa Jumatatu na trekta la Pongwe,
limefungwa kamba ya mkonge, bila breki, bila aibu:
gari la viti viwili, kijani cha jani la mgomba
lililoanza kukauka pembeni. MG,
ya mwaka ambao mimi sijaota meno.
Bwana Alnoor wa duka la miwani, Mtaa wa Soko,
akashuka ameshika usukani mkononi.
"Umechomoka Kange," akasema. "Utaliweza?"

Jina langu Singano. Kwa Kibondei, singano ni sindano.
Kabureta zake ni mbili, kila moja na sindano yake.
Gari lenye wajina wangu wawili kifuani
ningelikataaje?

Kutu kuu ni la mgeni, walisema,
na mgeni huyu alikuja na yake mwenyewe:
miaka kumi na tisa ya chumvi ya Raskazone
imekula sakafu mpaka unaona kuku wakipita
pale dereva anapoweka kisigino.

Spana zangu ni za milimita. Kumi na tatu inacheza,
kumi na mbili haiingii. Nati hizi zinahesabu kwa inchi.
Mwanamvua, anayekereza vyuma barabara ya kumi na tano,
akaniazima seti ya marehemu mumewe, imeviringishwa kwenye kanga.
"Zirudi zote nane."
Zimerudi saba. Hilo ni shairi jingine.

Siku ya nne nikafungua kifuniko cha themostati.
Gasketi haikuwa ya dukani. Ilikatwa kwa mkasi
kutoka jalada la daftari, grisi imeigeuza ngozi.
Saba mara nane ilisomeka. Saba mara tisa ililiwa na bolti.
Pembeni, mwandiko uliopinda kama mguu wa panzi:
*...ngano, D. la III B.*
Nikaazima lenzi kwa Alnoor.
Lenzi haikubadili kitu.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilichapwa sita, viganjani,
kwa kupoteza daftari la hesabu.
"Limeliwa na nini?" Nikasema mbuzi.
Mbuzi hatukuwa nao.
Jioni baba aliniona nikipuliza viganja,
akainama tena kwenye injini ya watu,
hakutamka neno. Nikadhani hajui.
Kumbe alijua,
alijua mpaka upana wa tundu la bolti.

Miaka arobaini na saba, na haikuvuja.
Lakini gasketi haifungwi mara mbili.
Nikailaza juu ya daftari la binti yangu, Mwajabu,
nikaizungushia penseli.
"Nitasema nini shuleni?"
Nikampa elfu moja kwanza, mkasi baadaye.
"Na wakiuliza limeliwa na nini?"
Waambie gari.

Jumamosi likawaka: mguno, chafya,
kisha moshi wa buluu uliotawanya wateja wa chapati
hadi ng'ambo ya barabara.
Nikashika kipande cha bomba la mpira, ncha moja sikioni,
ya pili mdomoni mwa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma,
nakaza robo, nalegeza nusu ya robo,
mpaka pacha wakavuta pumzi moja.
Humo ndani niliwatia mafuta ya cherehani.
Mengine hawayataki.

Alnoor akaenda nalo Raskazone, akarudi.
Usukani ulibaki mahali pake.
Themostati kavu. Ila chini ya injini, kwenye mchanga,
tone jeusi. Kisha jingine.
"Linavuja."
Hiyo ni oili, nikamwambia. Hiyo limezaliwa nayo.

Ile ya zamani ipo mfuko wa shati.
Imeacha doa ambalo mke wangu amelifua mara mbili,
na leo, ameshika sabuni, ananiuliza
ni kitu gani hasa ninachotembea nacho.

Hamsini na sita, namjibu.